Mkopo wa nyumba: Serikali haikopeshi, lakini riba yaifuata

Benki ya Nyumba Tanzania (THB) ilianzishwa mwaka 1972 ili kumkopesha mwananchi fedha za nyumba kwa masharti nafuu. Wengi waliokopa hawakurudisha, na mwaka 1995 benki hiyo ilifungwa. Kwa miaka mingi iliyofuata, mfanyakazi wa kipato cha kati alijenga kama wazazi wake walivyojenga: kiwanja mwaka huu, tofali mwaka kesho, bati zikipatikana fedha za malimbikizo.

Serikali ilirudi mwaka 2008, safari hii kwa mlango wa sheria. Sheria mpya ya mikopo ya nyumba iliimarisha haki ya benki kuuza nyumba iliyowekwa rehani iwapo mkopaji anashindwa kulipa. Sheria nyingine ya mwaka huo huo iliwezesha mtu kumiliki fleti moja katika jengo kwa hati yake mwenyewe. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni ya ubia ya mabenki, ikisaidiwa na fedha za Benki ya Dunia zilizopitia Serikalini.

Kazi ya TMRC inaeleweka kirahisi. Amana iliyoko benki mwenyewe anaweza kuja kuichukua kesho asubuhi. Benki haiwezi kuikopesha kwa miaka 15 bila wasiwasi. TMRC hutafuta fedha za muda mrefu na kuzikopesha benki, nazo huweka rehani za wateja wao kama dhamana. Wazo hili lina ndugu wa mbali huko Marekani, Fannie Mae, iliyoanzishwa mwaka 1938 na ambayo Serikali ya nchi hiyo ililazimika kuiweka chini ya usimamizi wake mwaka 2008. Tofauti ni kwamba Fannie Mae hununua mikopo na kubeba hasara yake. TMRC hukopesha tu, na mkopo ukiharibika hasara inabaki kwa benki iliyoutoa.

Je, kurefusha muda kunamsaidia mkopaji? Chukua mkopo wa Sh 50 milioni kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kiwango ambacho si kigeni katika soko la Tanzania. Ukilipwa kwa miaka 15, rejesho la kila mwezi ni kama Sh 700,000. Mwezi wa kwanza, Sh 625,000 kati ya hizo ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa Sh 75,000 tu. Hadi mwisho mkopaji atakuwa amelipa karibu Sh 126 milioni.

Muda ukirefushwa hadi miaka 25, rejesho linashuka hadi kama Sh 640,000. Miaka kumi zaidi ya deni, nafuu ya Sh 60,000 kwa mwezi! Lakini muda ukibaki miaka 15 na riba ikashuka hadi asilimia 10, rejesho linakuwa kama Sh 537,000. Riba ikiwa juu, muda mrefu hausaidii sana.

Na hapa ndipo Serikali inapoonekana tena, sasa ikiwa mkopaji. Mwaka 2021 hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 15.95. Benki inayoweza kupata kiwango hicho bila kukagua nyumba wala kumfuatilia mdaiwa haina sababu ya kumkopesha mwalimu kwa asilimia 12. Mwaka 2022 riba ya hatifungani hiyo ilipunguzwa hadi asilimia 12.56. Ilikuwa hatua ya sera ya makazi, ingawa haikuitwa hivyo, na pengine ina uzito kuliko miradi mingi inayozinduliwa kwa utepe. Nafuu yake, hata hivyo, haimfikii mkopaji papo hapo, kwani benki bado hugombania amana na huhesabu hatari ya kutolipwa.

Kuna pia suala la hati. Nyumba yenye karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe haipokelewi kwa rehani ya muda mrefu, hata iwe nzuri namna gani. Nyumba ya familia yenye hati nayo haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa.

Aliyekwisha kukopa kwa asilimia 15 anayo njia moja iliyo mikononi mwake, iwapo mkataba unaruhusu kulipa zaidi bila faini. Katika mfano ule wa Sh 50 milioni, akiongeza Sh 75,000 kila mwezi tangu mwanzo, deni litakwisha kwa miaka 11 badala ya 15, na atakuwa ameokoa zaidi ya Sh 23 milioni. Akaangalie pia kama riba ni ya kudumu au benki inaweza kuibadilisha kwa taarifa. Mikataba mingi huweka kifungu hicho kurasa za nyuma.