Kurudia Mtihani wa FM: Nilichobadilisha Mara ya Tatu



Ndugu zangu mnaosoma uchumi na uhasibu, mara mbili nimepanda basi kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam, kupitia mpaka wa Kobero, kwenda kufanya karatasi moja tu, na mara mbili nimerudi mikono mitupu. Karatasi yenyewe ni Financial Management ya ACCA, ambayo watahiniwa tunaiita FM. Alama ya kufaulu ni 50. Mara ya kwanza nilipata 41, mara ya pili 46. Mama yangu anauza vitenge Ruvumera, na ada ya mtihani ule hulipwa kwa pauni za Uingereza. Anayejua taabu ya kupata fedha za kigeni hapa mjini hahitaji maelezo zaidi. Alipotoa pesa mara ya tatu hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, safari hii utafanya nini ambacho hukukifanya?" Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, na ndilo ninalowaandikia hapa.

Baada ya kufeli mara ya kwanza nilifanya wanachofanya wengi wetu. Nilifungua kitabu ukurasa wa kwanza, nikakisoma chote upya, nikapiga rangi ya njano mpaka kurasa zikawa njano tupu. Nilijisikia vizuri sana. Kila nilipogeuza ukurasa nilisema moyoni, "Hili nalijua." Na kweli nililijua, kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu! Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Baadhi waliyasoma tena, wengine walifunika na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Mimi nilikuwa mtu wa dakika 5, na mtihani wangu ulikuwa mbali.

ACCA hawarudishi karatasi uliyoiandika. Unapata alama, basi. Kwa hiyo mwenye kurudia lazima ajipime mwenyewe ajue alimwaga wapi. Kabla ya kusoma chochote mara ya tatu, nilichukua karatasi moja ya mazoezi, nikakaa saa 3 kamili kama mtihanini, kisha nikajisahihisha bila huruma. Nilipata 44. Alama 56 zilizopotea nikazigawa mafungu matatu: nisilolijua, nililolijua nikakosea, na ambalo sikulifikia kwa sababu muda uliisha. Fungu la kwanza lilikuwa alama 17 tu. La pili 21. La tatu 18. Nilikaa nikaitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Miezi yote niliyotumia kusoma kitabu upya nilikuwa natibu lile fungu la 17, na hizo 39 nyingine hakuna kitabu kingezirudisha.

Nianze na muda, maana ndio rahisi kutibu. Karatasi ina alama 100 na dakika 180, yaani dakika 1.8 kwa kila alama. Sehemu A ina maswali 15 ya alama mbili mbili. Sehemu B ina visa vitatu, kila kisa maswali matano ya alama mbili mbili. Sehemu C ina maswali mawili makubwa ya alama 20 kila moja, na swali la alama 20 haki yake ni dakika 36. Mimi nilikuwa nalipa moja saa nzima ili liwe zuri, na la pili linabaki na mistari minne. Sasa angalieni jambo hili: katika A na B hesabu yako haionekani. Jibu ni sahihi au ni sifuri, na jibu baya halikatwi alama, hivyo kuacha wazi ni kosa. Lakini katika C msahihishaji anaiona njia. Ukikosea namba mapema kisha ukaendelea vizuri kwa namba yako, alama za hatua zinazofuata unapewa. Anayeacha swali la C nusu ameacha alama zilizo rahisi kuliko zote, kwa sababu alama za mwanzo wa swali ndizo nyepesi.

Basi nikajiwekea kawaida. Kila siku baada ya Maghrib naweka saa ya simu dakika 36, nafanya swali moja la C, saa ikilia naacha kalamu hata katikati ya neno. Isha inanikuta nasahihisha. Wiki mbili za kwanza sikumaliza hata moja. Ilinichukua mwezi mkono kuzoea.

Fungu la pili, makosa ya mtu anayejua, niliyaandika katika daftari dogo. Sikuandika jibu sahihi peke yake, niliandika na kilichonidanganya. Mfano: kiwango halisi cha faida ni asilimia 8, mfumuko wa bei asilimia 5, na mitiririko ya fedha imeshaongezewa mfumuko. Je, utatumia kiwango gani kuirudisha kwenye thamani ya leo? Nilikuwa najumlisha, nasema 13. Lakini viwango hivi huzidishwa: 1.08 mara 1.05 ni 1.134, yaani asilimia 13.4. Katika daftari niliandika: "Haraka. Nilijumlisha kwa sababu namba zilikuwa ndogo." Kosa jingine, lililonigharimu zaidi: swali linataja riba ya mkopo, nami naitoa katika mtiririko wa fedha wa mradi, kisha napunguza kwa kiwango cha gharama ya mtaji ambacho tayari kina gharama ya mkopo ule ndani yake. Nimeihesabu mara mbili! Kila kosa nililirudia kwa swali jipya baada ya siku tatu, kisha wiki moja, kisha wiki tatu. Likinishika tena, naanza kuhesabu siku upya.

Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tuna mtego wetu. Kwetu mkato ndio unaotenganisha desimali. Kompyuta yangu ya nyumbani ilizoea 0,12, na mtihani wa pili niliandika hivyo hivyo katika jedwali la kompyuta, kila fomula iliyogusa seli ile ikagoma. Nilipoteza dakika nyingi kutafuta kosa la fedha, kumbe ni kosa la nukta. Badilisheni mpangilio wa mashine zenu leo, na mfanye mazoezi ya C kwenye kompyuta, si kwenye karatasi. Umeme ukikatika mimi nilihamia kwa binamu yangu Buyenzi mwenye sola.

Na hili nalisema kwa aibu kidogo. Silabasi ya FM ina sehemu ya fedha za Kiislamu: murabaha, ijara, mudaraba, musharaka, sukuk. Niliiruka mara zote mbili. Mimi mtoto wa madrasa, nani wa kunifundisha mudaraba? Katika karatasi yangu ya kujipima likaja swali la nani anabeba hasara, nikakosa. Katika mudaraba hasara ya fedha ni ya mwenye mtaji, na mwenye kazi amepoteza jasho lake, isipokuwa amezembea. Katika musharaka hasara hugawanywa kwa uwiano wa mitaji, ingawa faida hufuata mapatano. Nilikuwa nimeyachanganya miaka yote, na alama zile ziliingia katika fungu la "nisilolijua".

Mara ya tatu nilipata 61. Nilipompigia mama alisema alhamdulillahi, kisha akauliza zimebaki karatasi ngapi. Nikamwambia nne. Kimya kikapita, halafu akacheka.

Wanaojiandaa na kikao kijacho, iwe Machi, Juni, Septemba au Desemba, nawakaribisha Jumamosi baada ya Alasiri katika chumba cha jumuiya. Kila mmoja aje na karatasi moja aliyokwisha kuifanya kwa saa 3 na kuisahihisha mwenyewe, hata kama ina alama 20. Vitabu viacheni nyumbani.