Kutoa na Kurudisha Tabo ya Pikapu ya Dizeli
Kijitabu kwa wenye magari ya zamani, Maskati

Kijitabu hiki ni cha mwenye pikapu ya dizeli iliyokwisha kula miaka: L200, Hilux, Isuzu au nyingine yoyote yenye tabo. Hakikuandikwa kumgeuza kila mtu fundi. Anayefungua boneti uani kwake Seeb afanye kazi kwa salama. Anayepeleka gari Wadi Kabir au Ghala ajue la kuuliza kabla ya kutoa pesa. Sanaiya, yaani mitaa hiyo ya gereji, huzungumza Kiurdu, Kimalayalam na Kiarabu, na wapo wazee wetu waliozaliwa Unguja au Mombasa wanaolipa bili bila kujua gari limefanywa nini.

Tabo mara chache hufa yenyewe. Kwa kawaida huuliwa: na oili chafu, na oili isiyofika, na vumbi, au na kitu kigumu kilichomezwa. Ukifunga mpya bila kumjua muuaji, nayo itakufa, na pengine mapema kuliko ya kwanza.

Inavyofanya kazi

Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya upande wa moto. Mhimili mmoja umeiunga na feni ya upande wa pili, ambayo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda ili dizeli ipate kuungua vizuri. Fikra hii si ngeni, kwani Mswisi Alfred Büchi aliiandikisha mwaka 1905. Kigeni ni mwendo wake. Mhimili ule huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena huelea juu ya utando mwembamba wa oili bila kugusa chuma. Gari linapopanda mlima na mzigo, moshi unaoingia upande wa moto hufikia nyuzi 700 na kupita. Oili ndiyo inayotelezesha, na ndiyo inayopoza.

Hakikisha kwanza kuwa ni tabo

Gari likikosa nguvu na kutoa moshi mweusi, anza na vitu vya bei rahisi. Tazama chujio la hewa, kisha pitisha mkono kwenye mipira yote inayokwenda intakula (kipoza hewa) na kurudi. Mpira uliopasuka upande wa chini hauonekani kwa macho, na kwa joto la hapa mipira hupasuka sana. Moshi wa buluu maana yake ni oili inaungua, lakini hata hapo tabo si mshitakiwa peke yake. Ringi za pistoni zilizochakaa hutoa moshi huohuo.

Injini ikiwa baridi, vua mpira wa hewa na ushike ncha ya mhimili. Ukicheza kidogo juu na chini si neno, kwa sababu ule utando wa oili haupo injini ikiwa imezimwa. Mhimili ukisogea mbele na nyuma hata ukahisi kwa kidole, au mapanga ya feni yakigusa ukuta, tabo imekwisha.

Hapa kuna hatari ambayo kila mwenye dizeli anapaswa kuijua. Tabo iliyoharibika sana huweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli huichoma oili ile kama mafuta. Injini hupanda mwendo yenyewe, moshi mweupe ukajaa barabara, na ufunguo hauizimi. Ikikutokea nawe una gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia ya juu kabisa, kisha achia klachi ghafla ili injini ife. Ikishindikana, ondoka na watu wote na upige 9999. Usijaribu kuziba njia ya hewa kwa mkono, maana feni ile hukata vidole.

Nani aliyeiua?

Maskati ni mji mgumu kwa tabo. Usiku wa tarehe 26 Juni 2018, pale Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Ongeza mlima wa Bausher kwenda Amerat, mchanga wa pwani unaokanyagwa na pikapu za wavuvi, au njia ndefu ya Salalah ukiwa umejaza mzigo na kiyoyozi kinapuliza. Dereva anaingia kituo cha petroli, anazima palepale, anakimbilia chai. Oili iliyokwama ndani ya tabo ya moto huungua ikawa makaa, na makaa yale huziba njia nyembamba ya oili. Kabla ya kuzima, iache injini iungurume taratibu dakika 2 au 3. Chai haitapoa.

Muuaji wa pili ni kuchelewa kubadilisha oili. Muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari mara nyingi ni wa mazingira ya wastani. Kitabu hichohicho huwa na ukurasa mwingine wa vumbi, joto na mzigo, nao una muda mfupi zaidi. Huo wa pili ndio wetu.

Wenye Hilux za D-4D wana jambo lao. Wosha za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili, oili huwa nzito kama lami, na chujio la ndani ya sampu huziba. Tabo, iliyo mbali na yenye kiu kuliko vyote, ndiyo hulia kwanza. Fundi anayebadilisha tabo ya gari kama hilo bila kushusha sampu amekuuzia wiki chache tu.

Kuitoa

Injini iwe baridi kabisa, betri imefunguliwa, na gari likibidi kunyanyuliwa likae juu ya stendi, si jeki. Kiangazi kazi hii ni ya alfajiri. Sheria ya kazi ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, Juni hadi Agosti, na mwenye gari uani kwake naye ajipe likizo hiyo.

Nati za upande wa ekzosi ndizo huvunja moyo. Zimepikwa miaka na miaka. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, na tena asubuhi. Nati ikigoma, irudishe kidogo upande wa kukaza kisha ulegeze. Usining'inie kwenye spana. Stadi ikikatika ndani ya manifoldi, kazi ya asubuhi imekuwa ya siku mbili.

Piga picha za kila kitu kabla ya kufungua. Mwaga maji ya rejeta ikiwa tabo yako ina mabomba ya maji. Kila tundu linalobaki wazi lizibwe mara moja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kwa kuwa wosha moja ikidondokea humo ndani itamaliza tabo mpya kwa sekunde. Unapoinyanyua usiishike kwa ule mkono mwembamba unaodhibiti presha. Na kuhusu mkono huo, wako vijana wanaoukaza ili gari lipate nguvu ya kupandia mchanga. Nguvu hupatikana kweli, mpaka pale gasketi ya silinda inapoungua.

Sasa chunguza. Mapanga ya upande wa hewa yakiwa yameliwa ncha, vumbi limepita, na chujio au mpira wake una kosa. Yakiwa yamepindwa au kukatika, kuna kitu kimemezwa, na vipande vyake huenda viko ndani ya intakula. Mhimili ukiwa na rangi ya buluu ya kuungua, oili haikufika.

Kuirudisha

Bomba jembamba linaloleta oili libadilishwe. Kulisafisha hakutoshi, kwa kuwa makaa ya ndani hayaonekani na hayatoki yote. Baadhi ya injini zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba hilo, kitafute. Bomba nene la kurudisha oili halina pampu, oili hushuka kwa uzito wake tu. Likipondeka au kuziba, oili hurudi nyuma na kuvujia kwenye ekzosi, na mwenye gari huambiwa tabo mpya ni mbovu. Usipake silikoni kwenye mabomba haya mawili. Kipande kimoja kikibanduka kinatosha kuziba. Tumia gasketi mpya na wosha mpya za shaba.

Intakula ioshwe ndani na kukaushwa kabisa. Oili iliyobaki humo huweza kuiendesha injini kwa namna iliyoelezwa hapo juu. Badilisha oili, filta na chujio la hewa siku hiyohiyo. Nati za ekzosi ziwe za kuhimili moto, zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.

Kabla ya kufunga bomba la oili, mimina oili safi kwenye tundu lake huku ukizungusha mhimili kwa kidole. Kisha zuia dizeli isifike, ama kwa kuchomoa waya wa kuzimia kwenye pampu, ama waya za nozeli kwa injini za kisasa zaidi, na upige stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hatua hii huchukua dakika chache, na ndiyo inayorukwa zaidi gereji. Rudisha waya, washa, acha iungurume dakika 5 bila kukanyaga mafuta, huku ukitazama kila kiungo. Moshi kidogo mwanzoni ni wa oili ya zamani iliyobaki kwenye ekzosi.

Risiti, dhamana na oili chafu

Tabo za bei ya kutupa zipo sokoni, na nyingine hazikupimwa mizani ya mhimili. Ikiwa yako inatengenezwa upya, uliza kama wana mashine ya kupima mizani na uombe karatasi ya kipimo. Risiti iandike aina ya kipuri, namba yake na muda wa dhamana. Oman ina Mamlaka ya Kumlinda Mlaji tangu 2011, lakini lalamiko bila risiti ni maneno matupu.

Oili iliyomwagwa ipelekwe gereji inayokusanya oili chafu. Wadi kavu si jalala. Mvua ikinyesha milimani, kilichomo humo huteremka mpaka visimani na baharini.

Baada ya kilomita 100 kagua klipu na nati injini ikiwa baridi. Tabo ya zamani ikiwa ilivunjika vipande, badilisha oili na filta tena ukifika kilomita 1,000, na uikate filta ile uitazame ndani: ukikuta chembe za chuma, usiendelee kuliendesha gari mpaka sampu ishushwe.