Kutoka Windows ya Mezani Hadi Mac ya Mkobani: Maswali Yanayoulizwa Tabora

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta hazikuzimika. Kesho yake ziliwaka kama kawaida kwenye steshenari za Tabora mjini, kwenye ofisi za vyama vya msingi vya tumbaku kule Urambo na Kaliua, na kwenye shule zilizo kando ya reli hadi Kigoma. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikija bure kila mwezi. Na kompyuta nyingi za mezani zilizonunuliwa mtumba haziwezi kupandishwa Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa zile za Intel, prosesa ambayo kwa kawaida si chini ya kizazi cha nane. Mwenye mashine ya namna hiyo huanza kuangalia huku na huku, na wengi macho yao hutua kwenye MacBook.

Majibu yafuatayo yameandaliwa kwa kumfikiria mtu wa Tabora, si wa Dubai wala Nairobi. Huyu ni mtu ambaye umeme humkatikia katikati ya barua, bando humwishia katikati ya mwezi, na kazi yake lazima mwisho wa siku ipite steshenari ikachapwe.

Ukiacha kuonekana umeendelea, mtu wa Tabora anafaidika nini na Mac?

Anafaidika kwanza na umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula wati mia moja au zaidi, na umeme ukikatika, UPS ndogo humpa mwenyewe dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima. MacBook Air yenye chipu ya M, ile ya Apple yenyewe, huuzwa na chaja ya wati 30 hivi, na betri yake huhifadhi nishati ya wati-saa 50 na kitu. Apple hutangaza saa 18 za kutazama video. Ofisini, mtu akiwa na Word, kivinjari na WhatsApp vyote vimefunguliwa, asitegemee kuzifikia hizo 18, lakini siku nzima ya kazi inawezekana. Kwa kuwa inachajiwa kwa waya wa USB-C, hata mfumo mdogo wa sola unaowasha taa na kuchaji simu unaweza kuibeba, mradi tu kifaa cha kuchajia kitoe wati za kutosha. Mwalimu aliyepangiwa shule ya ndani huko Sikonge ataiona tofauti hiyo wiki ya kwanza.

Ila umeme unaporudi kwa kishindo, chaja nayo huungua. Kifaa kile kile kinacholinda friji nyumbani kinafaa pia kuwekwa kati ya chaja na soketi.

Programu za kazini zitafunguka?

Hapa ndipo mtu anapotakiwa kukaa chini na kalamu kabla ya kutoa hela. Aandike kila programu anayoitumia kwa wiki nzima, hata ile anayoifungua mara moja tu.

Mifumo mingi ya serikali haijali kompyuta ni ya aina gani, kwa sababu hufunguliwa kwenye kivinjari: ritani za TRA, zabuni za NeST, maombi ya mkopo ya OLAMS, Ajira Portal, usajili wa BRELA, hata MUVU ya vyama vya ushirika. Ukurasa ukigoma kwenye Safari, Chrome au Firefox kwa kawaida humaliza ubishi. Word, Excel na PowerPoint za Mac zipo na ni za Microsoft yenyewe. Lakini ni za kulipia, na hapo wengi hushtuka, maana Office waliyoizoea kwenye ile ya mezani iliwekwa na fundi na hakuna aliyewahi kuuliza ilitoka wapi. Asiyetaka kulipia anaweza kutumia LibreOffice bila gharama.

Kizingiti kipo kwenye uhasibu. Tally, inayotumika sana madukani na kwenye maghala Afrika Mashariki, imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Microsoft Access na Publisher hazina toleo la Mac kabisa. Faili za Excel zenye makro za kawaida mara nyingi hufanya kazi, lakini zile zenye vitufe vya ActiveX hazifanyi. Mac za zamani za Intel ziliweza kuwashwa na Windows kwa njia ya Boot Camp. Hizi za chipu ya M haziwezi. Inabidi kununua programu kama Parallels, kisha kuweka Windows ndani yake, na hapo mtu anakuwa amelipia nyumba mbili ili alale moja. Mhasibu anayeshinda kwenye Tally kuanzia asubuhi asihame. Anunue laptop ya Windows 11 na maisha yaendelee.

Vipi kuhusu flashi na steshenari?

Swali hili wauzaji hulipita haraka, ilhali ndilo linalowatesa wanunuzi wengi mwezi wa kwanza.

Kwanza, flashi ya kawaida haiingii. MacBook Air ya M1 ina matundu ya USB mawili tu, yote ya USB-C, kwa hiyo adapta ni lazima, na ni heri kununua mbili maana hupotea. Pili ni namna flashi ilivyofomatiwa. Diski ya nje ambayo Windows imeifomati kwa NTFS, Mac huisoma vizuri na kukuruhusu kunakili vilivyomo, lakini haikubali kuandika chochote juu yake. Mtu huburuta faili, faili linakataa, naye anadhani diski imekufa. Dawa yake ni kuhamisha vitu vyote mahali pengine, kisha kuifomati upya kwa exFAT, ambayo pande zote mbili husoma na kuandika.

Tatu ni kile kinachotokea kaunta. Mac ikinakili barua kwenye flashi, mara nyingi huacha na kijifaili kingine chenye jina lile lile, ila kinaanza na nukta na mstari wa chini: "._barua.docx". Kwenye Mac hakionekani. Kompyuta ya steshenari hukionyesha, kwa sababu mhudumu aliiweka zamani ionyeshe mafaili yaliyofichwa, apate kuokoa kazi za wateja zilizomezwa na virusi vya shotikati. Basi mhudumu anaona barua mbili, anabofya ya kwanza, inagoma au inafungua maandishi ya ajabu, naye anatangaza mbele ya foleni kwamba faili limeharibika. Halijaharibika. Afungue lile la pili.

Hivyo virusi vya shotikati, vinavyogeuza kila folda kuwa mshale, vimeandikwa kwa Windows na haviwezi kuishika Mac. Lakini flashi huendelea kuvibeba, na Mac inaweza kuvipeleka hadi kompyuta ya jirani bila yenyewe kujua.

Na kazi iliyoandikwa kwa Pages, programu ya bure inayokuja na Mac, steshenari haitafunguka kabisa. Ihamishwe kuwa PDF kabla ya kutoka nyumbani. PDF huzuia pia ule mchezo wa herufi kubadilika na jedwali la ukurasa mmoja kumwagikia ukurasa wa pili.

Mac ya mtumba ni salama kununua?

Nchi iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974 leo ina mtumba wa kompyuta kila kona ya Kariakoo, na Mac nyingi zinazofika Tabora hupitia huko. Nzuri zipo. Mitego yake mitatu inajulikana.

Mtego wa kwanza ni kufuli. Mac inaweza kuwa bado imefungwa kwenye akaunti ya Apple ya mwenyewe wa kwanza, au iko chini ya usimamizi wa shule au kampuni ya ughaibuni iliyokuwa ikiimiliki. Muuzaji huionyesha ikiwa imeshawashwa, picha za kupendeza kwenye skrini, kila kitu sawa. Mnunuzi asikubali kuiona hivyo tu. Amwombe muuzaji aifute yote palepale, aiunganishe na intaneti, kisha ianzishwe upya kama mashine mpya mpaka mwisho. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikileta ujumbe wa usimamizi wa taasisi fulani, biashara iishie hapo, hata bei ikishuka nusu. Muuzaji anayesema kufuta kutachukua muda mrefu ameshajibu swali.

Mtego wa pili ni umri. macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kukubali prosesa za Intel, tena inakubali chache tu. Hakuna MacBook Air ya Intel hata moja iliyomo. Anayeikimbia Windows 10 kwa sababu imeachwa, kisha akanunua Air ya 2017 kwa sababu ni rahisi, amehama chumba kinachovuja akaingia kingine kinachovuja. Mahali pa kuanzia ni M1 ya mwishoni mwa 2020. Kumbukumbu iwe GB 16 kama mfuko unaruhusu, kwa kuwa kwenye Mac hizi RAM haiongezwi baadaye. Fundi hana pa kuichomeka.

Wa tatu ni betri. Apple huzihesabia betri za MacBook za miaka hii mizunguko 1,000 ya kuchaji. Idadi iliyokwishatumika husomeka kwenye taarifa za mfumo, sehemu ya umeme, na kuisoma hakuchukui hata dakika.

Itahimili vumbi la kiangazi? Na ikiharibika?

Anayeijua Tabora ya Agosti na Septemba anaelewa kwa nini swali hili linakuja. Air za chipu ya M hazina feni, kwa hiyo hazivuti vumbi ndani kama ile ya mezani inayofunguliwa na kupulizwa kila baada ya miezi michache. Za kuogopwa ni MacBook zilizotengenezwa kati ya 2015 na 2019 zenye kibodi nyembamba iliyoitwa ya kipepeo. Punje moja tu ya mchanga ilitosha kukwamisha herufi, au kuifanya ijiandike mara mbili. Malalamiko yalizidi mpaka Juni 2018 Apple ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure, kwa miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza. Muda huo umeshapita. Kibodi hizo zimebaki mtaani, na bei yake nzuri ina sababu.

Skrini nayo haina masihara. Nafasi kati yake na kibodi ni ndogo mno. Ukiifunga huku kalamu au adapta ya flashi imelala juu ya vitufe, kioo kinapasuka. Mwaka 2020 Apple ilionya hata dhidi ya vile vifuniko vya plastiki vya kuziba kamera.

Kuhusu fundi, ukweli usifichwe: Apple haina duka lake lenyewe hata moja barani Afrika, na fundi hodari wa kompyuta za mezani hapa mjini huenda hana kioo cha Mac wala bisibisi zake. Kusubiri si jambo jipya Tabora: mwaka 1872 Stanley aliondoka Kwihara, nje kidogo ya mji, mwezi Machi, naye Livingstone akabaki kwenye tembe akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani mpaka Agosti. Siku hizi kifurushi cha Dar es Salaam huja na basi haraka, lakini kipuri lazima kwanza kifike Dar es Salaam. Kwa hiyo nakala ya kazi zote kwenye diski ya nje, kwa Time Machine iliyomo ndani ya Mac, iwe ya lazima tangu siku ya kwanza.

Bando litatosha?

Litaisha haraka kama mtu hakujihadhari. Toleo jipya la macOS la kila mwaka huweza kuzidi GB 10, na mashine inaweza kuanza kulipakua yenyewe kupitia hotispoti ya simu. Mtumiaji azime upakuaji wa kujiendesha, na kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya hotispoti hiyo awashe Low Data Mode. iCloud nayo ichunguzwe: ina GB 5 tu za bure, na ikiachwa ipandishe picha na nyaraka zote, itakula bando kwanza, kisha ianze kudai malipo.

Vidole vitazoea lini?

Mapema kuliko wengi wanavyohofia. Kunakili na kubandika ni kwa kitufe cha Command badala ya Ctrl. Kubofya kulia ni kugusa kwa vidole viwili. Duara jekundu la kona ya juu hufunga dirisha tu, programu ikabaki inaendelea chinichini. Ili iondoke kweli ni Command na Q. Anayetafuta "cut" ya faili hataipata: anakili kwa Command na C, kisha abandike kwa Command, Option na V, faili lihame. Menyu za Kiswahili, ambazo Windows 10 ilikuwa nazo kwa anayezitaka, macOS haina.

Ile ya mezani iuzwe?

Isiharakishwe. Printa au skana ya zamani isiyo na programu ya Mac itaihitaji, na Tally ya miaka iliyopita itabidi ifunguliwe siku mkaguzi atakapokuja. Inaweza kukaa ofisini ikifanya hayo mawili bila intaneti, au ikawekwa Linux Mint na kuachiwa watoto wasomee. Kuhamisha nyaraka, Apple ina programu ya bure inayowekwa kwenye Windows na kuzivusha kwa Wi-Fi ya ndani bila kula bando. Programu zenyewe hazihami. Ikiuzwa, diski ing'olewe au ifutwe kabisa kwa programu ya kazi hiyo, kwa kuwa mafaili yaliyotupwa kwenye pipa la takataka la Windows fundi yeyote mwenye subira huyarudisha, yakiwemo ya mishahara.