Zamu Iliyopangwa Kwenye Mfumo na Malipo ya Mfanyakazi

Mashine ya alama za vidole hurekodi saa ya kuingia na kutoka tu. Kinachoamua malipo ni ratiba aliyopangiwa mfanyakazi ndani ya mfumo wa mahudhurio. Aliyehamishiwa zamu ya usiku huku jina lake likibaki kwenye ratiba ya mchana huweza kuonekana mtoro, au saa zake za ziada zisihesabiwe kabisa.

Kwa Tanzania Bara, kipimo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa angalau mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 2,000 kwa saa hustahili 2,100 usiku; saa hiyo ikiwa ya ziada, asilimia 5 hukokotolewa kwenye 3,000, naye hupata 3,150. Viwango hivi havimhusu meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu.

Penye upotevu usioonekana upesi ni mapumziko. Mifumo mingi hukata dakika 60 yenyewe kila zamu. Lakini mwendesha mtambo aliyetakiwa kubaki kazini muda huo anastahili kulipwa, na kumkata ni kumdhulumu.

Ukaguzi ulio wa maana hulinganisha ratiba iliyobandikwa ukutani, mahudhurio ya mashine na hati ya mshahara, siku kwa siku. Tarehe ambayo ratiba ilianza kutumika hudai jicho kali: ofisa akirekebisha leo bila kurudisha tarehe nyuma, wiki zilizopita hubaki na kosa. Mfanyakazi anaweza kuomba kwa maandishi nakala ya kumbukumbu zake, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kuzifikia.

Mwajiri akikataa kulipa, madai hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoibuka. Mazungumzo na ofisi ya utumishi yanaweza kuendelea, ila yasiachwe yakazimaliza siku hizo.