SOMO LETU: Tutembelee Hifadhi ya Mto Ugalla

Wengi wetu hudhani mbuga za wanyama ni za Wazungu wenye magari. Sivyo. Mtanzania naye ana haki ya kuingia, tena kiingilio chake ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Na hifadhi moja iko hapa hapa mkoani Tabora.

Njia ya zamani

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Kwenye Mto Malagarasi misafara ililipa hongo ndipo ivushwe kwa mitumbwi. Mwaka 1871 Stanley alivuka hapo akimtafuta Livingstone, na punda wake mmoja akakamatwa na mamba. Mto Ugalla unaingia katika Malagarasi huo huo, nao unakwenda Ziwa Tanganyika. Katika bonde hilo mna maziwa ya Sagara na Nyamagoma. Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovosi liliandikishwa kuwa ardhi ya majimaji yenye thamani kwa dunia nzima, la kwanza katika Tanzania.

Sheria imebadilika

Zamani Ugalla ilikuwa Pori la Akiba. Wavuvi na warina asali waliweza kuingia kwa kibali wakati wa kiangazi. Mwaka 2019 ikawa Hifadhi ya Taifa. Hifadhi ya Taifa ni ya kutazama, siyo ya kuvuna. Tusifichane: kwa jamaa walioishi kwa asali na samaki, jambo hili limeuma. Basi kila kijiji kiujue mpaka, maana anayekutwa ndani na nyavu au mzinga atashtakiwa. Faida nayo itaonekana wageni wakija, wakala kwetu, na wakanunua asali ya mizinga iliyo nje ya mpaka.

Mambo ya kushika safarini

1. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba. Wakati wa mvua njia ni matope matupu.

2. Mtumbwi si mchezo. Kiangazi mto hukatika yakabaki madimbwi, na viboko na mamba hujazana humo. Kiboko huzama dakika kama tano. Humwoni mpaka aibuke chini yako. Uliza kwanza askari wa hifadhi. Kutembea kwa miguu pia, fuatana naye.

3. Usipige hema kwenye njia ya kiboko. Usiku hutoka kula majani. Ukisimama kati yake na maji, atakushambulia.

4. Mbung'o, wengine huwaita ndorobo, hupenda nguo nyeusi na za buluu iliyokoza. Vaa kaki. Ukirudi ukashikwa na homa na kichwa kuuma, mwambie daktari kwamba ulikuwa porini, ili apime malale pia, siyo malaria tu.

5. Chemsha maji ya kunywa. Zima moto kabisa kabla hujaondoka.

Wahenga walisema, usimtukane mamba kabla hujavuka mto.

Tujadiliane kikundini

1. Mto Ugalla unamwaga maji yake wapi?
2. Pori la Akiba na Hifadhi ya Taifa vinatofautianaje?
3. Kijiji chetu kinaweza kumwuzia mgeni nini bila kuvuka mpaka?
4. Taja dalili mbili za kumweleza daktari baada ya safari.