Somo: Jumba Lililokwenda Relini



Nilimpeleka mgeni wangu Beit el Ras, karibu na Kibweni, kaskazini ya mji wa Unguja. Mgeni huyo ni mtu wa Kingolwira, karibu na Morogoro, na jamaa zake hulima karafuu katika milima ya Uluguru. Alikuwa na hamu ya kuliona jumba la shamba la Seyyid Said. Tulipofika alitazama huku na huku, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, hilo jumba lenyewe liko wapi?"

Nikamwonyesha baraza kubwa ya mbele, imesimama peke yake katika kiwanja cha chuo. Swali lake ndilo somo letu.

1. Jumba lilianzaje?

Jumba la Seyyid Said la Mtoni lilikuwa limejaa watoto na watumishi. Kwa hiyo mwaka 1847 alianza kujenga jingine hapa, kwenye rasi. Na maana ya Beit el Ras ni Nyumba ya Rasini. Mwaka 1856 alifariki baharini akirudi kutoka Oman, na jumba halijakwisha. Mwanawe Seyyid Majid hakuliendeleza. Baadaye yeye alishughulika na kujenga Dar es Salaam. Fanyeni hesabu: miaka tisa. Mkarafuu uliopandwa siku ya kuweka msingi ungekuwa umekwisha kuanza kuzaa.

2. Liliondokaje?

Nyumba isiyo na mwangalizi hugeuka chimbo la mawe. Reli ya Bububu, iliyofunguliwa mwaka 1905, ilijengwa kwa mawe mengi ya jumba hili. Mgeni wangu alicheka, akasema, "Kwetu Kingolwira treni inapita tangu wakati wa Wajerumani, lakini sijasikia reli iliyokula nyumba ya mfalme!" Magofu yaliyosalia yalivunjwa mwaka 1947 ili kupisha shule na chuo cha ualimu. Reli nayo haipo tena.

3. Fedha ilitoka wapi?

Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana kwa kazi hiyo ni Saleh bin Haramil. Seyyid Said akaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Lakini waliopalilia na kuchuma walikuwa watumwa, wengi wao wameletwa kutoka bara. Hapana budi tuliseme wazi. Mgeni wangu alinyamaza kitambo, akaweka mkono juu ya nguzo. "Huenda wakubwa zangu nao walipita njia hii," alisema. Sikuwa na jibu. Utumwa ulifutwa kwa sheria hapa mwaka 1897, na baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yaligawiwa wananchi eka tatu tatu.

4. Namna ya kuzuru gofu

(a) Omba ruhusa kwanza kwa wenye mahali.
(b) Usianze na kuta. Tafuta kisima, kisha miti ya zamani. Maji na miti hukuonyesha watu walikaa wapi na walipita wapi.
(c) Tazama jiwe la matumbawe na chokaa iliyoliunganisha. Mvua ikiingia juu ya ukuta usio na paa, mzizi wa mtini hufuata, na ukuta hupasuka.
(d) Uliza wazee: nani aliishi hapa, nani alifanya kazi, jumba lilianguka lini. Andika yote, hata yanayopingana.
(e) Usichukue jiwe hata moja.

Wako wenye eka zao walio na msingi wa nyumba ya kale chini ya mikarafuu. Kabla ya kubomoa upate mawe ya kutengenezea jiko, pima urefu na upana wake kwa hatua, uandike. Jiwe likishaondoka haliwezi kuulizwa tena, na mzee vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili kikaoni

1. Katika shamba lako, ni kitu gani kilichokuwapo kabla yako?
2. Ni mzee gani anayejua habari zake, nawe utakwenda kumwuliza lini?
3. Mkarafuu utakaoupanda msimu huu, nani atauchuma?