Kuuza Nyumba Bila Dalali: Somo kwa Wenye Nyumba wa Gongo la Mboto

UKITOKA stendi ya Gongo la Mboto kuelekea Ulongoni au Majohe, hutakwenda mbali kabla ya kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni hujiuliza ni nani aliyetaka kuinunua. Mwenyeji anajua. Maneno hayo huandikwa na mtu aliyesikia kwamba nyumba yake imeonyeshwa kwa mnunuzi naye hana habari, au na warithi wanaomzuia ndugu yao asiuze kinyemela.

Maandishi hayo ndiyo mwanzo wa somo letu la wiki hii. Yanaonyesha kwamba katika soko la nyumba za pembezoni mwa jiji, mnunuzi anaingia akiwa na hofu. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kuuza mwenyewe, bila kupitia kwa dalali, asidhani kwamba kazi yake ni kutafuta mtu mwenye fedha. Wenye fedha wapo. Kazi yake ni kumwondolea mtu huyo hofu.

Dalali analipwa kwa kazi gani?

Kwa desturi ya mitaa yetu, dalali wa nyumba anaweza kudai hadi asilimia 10 ya bei. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vitatu ambayo mwenyewe anaiuza kwa Sh. 40,000,000. Asilimia 10 ni Sh. 4,000,000. Fedha hizo zinatosha kuezeka upya nyumba nyingine ndogo.

Zaidi ya hapo ipo "cha juu". Mwenye nyumba anasema milioni 40, dalali anawatangazia watu milioni 46. Mnunuzi aliyekuwa na milioni 41 mkononi anakata tamaa na kuondoka, na mwenye nyumba hapati kujua kwamba mteja wake alifika hadi mlangoni. Nyumba inakaa sokoni mwaka mzima, huku ada ya mtoto au gharama ya hospitali, iliyosababisha nyumba iuzwe, haisubiri.

Hata hivyo, tumtendee haki dalali. Anafanya kazi nne: anafahamu bei za mtaa, anafahamu wanunuzi, anasimama katikati wakati wa kupatana, na anamwambia mnunuzi, "Nyumba hii naifahamu, haina matatizo." Anayeuza bila dalali lazima azibebe kazi zote nne. Tuzitazame moja moja.

Bei: uliza iliyouzwa, si inayoulizwa

Kosa la kwanza la muuzaji ni kupanga bei kwa kusikiliza bei ambazo majirani wanaulizia. Bei inayotajwa na mtu ambaye hajauza ni matumaini tu. Tafuta watu watatu waliouza kweli mtaani kwako katika mwaka uliopita, uwaulize walipokea kiasi gani mkononi. Iwapo fedha zinaruhusu, mwite mthamini aliyesajiliwa.

Matumaini yamekuwa mengi ukanda huu, na yana sababu. Treni ya reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Pugu ipo kituo chake. Awamu ya tatu ya barabara ya mabasi yaendayo haraka ilipangwa kutoka katikati ya jiji kupitia Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Mambo hayo yanapandisha thamani, lakini hayapandishi nyumba zote kwa kipimo kimoja. Nyumba ambayo gari linafika mlangoni si sawa na ile ya kuvuka korongo kwa miguu.

Mnunuzi makini atauliza maswali yafuatayo, nawe uwe na majibu ya kweli. Maji ya bomba yapo? Mita ya LUKU ni ya nyumba hii peke yake? Masika maji yanapita wapi? Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, na mabonde yanayoingia humo hujaa kwa saa chache. Je, nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara au ya reli? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka eneo la barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyochorwa alama ya X huwezi kuificha kwa rangi mpya. Wengine watauliza pia umbali kutoka kambi ya jeshi, kwa kuwa milipuko ya ghala la silaha ya Februari 16, 2011 haijasahaulika.

Muuzaji anayesema kasoro ya nyumba yake kabla hajaulizwa hupunguziwa bei kidogo. Anayeificha hupoteza mteja mzima siku inapogundulika.

Ukishapata picha ya soko, andika tarakimu tatu: bei ya kutangaza, bei unayoitarajia, na bei ambayo chini yake huuzi. Ya tatu usimwambie mtu, hata shemeji.

Karatasi: hapa ndipo nyumba inauzwa

Kazi ya kumhakikishia mnunuzi ndiyo iliyo nzito kuliko zote, na ndiyo ambayo dalali wengi huifanya kwa maneno matupu. Wewe ifanye kwa karatasi.

Kwanza, jua unachomiliki. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mwananchi ana haki ya kuitumia. Mwenye hati ana haki iliyosajiliwa. Mwenye leseni ya makazi ana haki ya muda, hivyo atazame tarehe ya mwisho. Mwenye karatasi ya mauziano tu, aliyonunulia kwa mzee wa shamba miaka ya nyuma, aitafute karatasi hiyo pamoja na mashahidi wake wakiwa bado hai. Nyumba nyingi za Gongo la Mboto zimo katika kundi hili la mwisho. Zinauzika, lakini bei yake haiwezi kulingana na ya nyumba yenye hati, kwa sababu benki haitamkopesha mnunuzi kwa dhamana ya karatasi hiyo kama inavyokopesha kwa hati.

Pili, mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Mauzo mengi yamefika barazani na mahakamani kwa sababu mke alipata habari siku ya kuhamishwa vyombo.

Tatu, mirathi. Iwapo nyumba ni ya marehemu, hakuna mwenye mamlaka ya kuiuza isipokuwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake. Warithi wote wakae, wakubaliane, waandike muhtasari na kutia saini.

Nne, majirani wa pande nne. Waite siku moja mtembee mipakani pamoja, kabla mnunuzi hajaja. Ugomvi wa hatua mbili za uzio unaweza kuvunja biashara ya milioni 40.

Kuhusu ofisi ya serikali ya mtaa, ni vizuri mwenyekiti na mtendaji wajue, kwa kuwa mnunuzi atakwenda kuwauliza kama wewe ndiye mwenye nyumba. Lakini ifahamike kwamba muhuri wa mtaa unatambulisha watu. Haugeuzi mauzo mabovu kuwa halali. Mahali pengine muuzaji au mnunuzi huombwa asilimia 10 kwa ajili ya "ofisi". Ukiombwa, uliza ni kwa sheria ipi, na udai namba ya malipo ya serikali na stakabadhi. Malipo yasiyo na stakabadhi si ada.

Mnunuzi: anza na walio karibu

Mnunuzi wa nyumba ya Gongo la Mboto mara nyingi hatoki mbali. Anza na jirani anayetaka kupanua eneo, kisha mpangaji wako, kisha wenzako wa kazini, wa msikitini au kanisani, na wa chama cha kuweka na kukopa. Baada ya hapo ndipo uweke kibao chenye namba ya simu na kutuma picha kwenye makundi ya simu. Katika tangazo andika bei, ukubwa wa eneo, aina ya miliki na maneno "mwenye nyumba mwenyewe".

Onyesha nyumba mchana, ukiwa na mtu mwingine wa familia. Hati halisi isitoke mkononi mwako. Toa nakala iliyopigwa mstari na kuandikwa "kwa kuonyesha tu". Mwenye hati amtie moyo mnunuzi akaitafutie taarifa katika ofisi ya msajili wa hati. Muuzaji anayemwambia mteja "nenda kahakikishe" amemaliza nusu ya kazi ya kuuza.

Tahadhari nyingine ni daftari la wageni. Andika jina la kila aliyekuja, tarehe, na nani alimleta. Dalali ambaye aliwahi kupita na mteja mara moja anaweza kurudi siku ya malipo akidai fungu lake. Endapo hukumpa kazi, mwambie mapema mbele ya shahidi.

Kupatana na kupokea fedha

Mkishaelewana bei, mnunuzi hutoa kishika uchumba. Usikipokee bila maandishi yanayosema ni kiasi gani, salio litalipwa lini, na nini kitatokea upande mmoja ukirudi nyuma. Ukishakipokea, ondoa kibao. Kuchukua kishika uchumba cha watu wawili kwa nyumba moja ni njia ya kuelekea polisi.

Mkataba wa mauziano uandaliwe na mwanasheria. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na asilimia 10 uliyookoa. Uwe na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, namba ya kiwanja au mipaka ya pande nne, bei kwa tarakimu na kwa maneno, siku ya kukabidhi, hali ya wapangaji waliomo, na nani atalipa madeni ya maji na kodi ya ardhi.

Fedha zipitie benki, kutoka akaunti hadi akaunti, nyote mkiwa hapo. Usikubali ujumbe wa simu wala karatasi ya benki kuwa ushahidi. Subiri benki yako ikuambie kwamba fedha zimeingia. Funguo na hati hutolewa baada ya salio la mwisho. Mnunuzi aliyeingia ndani akiwa amelipa nusu hana haraka ya kulipa nusu nyingine.

Usisahau kodi

Wapo wanaodhani kwamba kuuza bila dalali ni kuuza bila serikali. Sivyo. Mkataba hulipiwa ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1 ya thamani, ndani ya siku 30, na kwa kawaida mnunuzi ndiye hulipa. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi.

Muuzaji naye hulipa kodi ya faida: asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa nchini. Msamaha upo kwa nyumba ya kuishi ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi, mradi faida isizidi Sh. 15,000,000. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa.

Turudi kwenye mfano wetu. Kiwanja kilinunuliwa kwa milioni 4, ujenzi ukagharimu milioni 22, nyumba inauzwa milioni 40. Faida ni milioni 14. Aliyeishi humo na kutunza stakabadhi za saruji, mabati na fundi anaweza kuonyesha kwamba yumo ndani ya msamaha. Aliyezitupa anakabiliwa na Sh. 1,200,000. Kwa mwenye hati, uhamisho wa miliki hausajiliwi bila kibali cha Mamlaka ya Mapato, hivyo nenda ukaulize kabla ya kutia saini.

Lini umtumie dalali?

Anayeishi mbali, mgonjwa, au asiye na nafasi ya kupokea simu za wateja anaweza kumhitaji dalali. Si aibu. Mwandikie barua yenye asilimia mliyokubaliana, muda wa kazi, na sharti kwamba hakuna cha juu. Hati ibaki kwako.

Kwa wengine wote, kabla ya kuweka kibao hakikisha:

1. Karatasi za umiliki zipo, na majina yanalingana na kitambulisho.
2. Mwenzi au warithi wametoa ridhaa ya maandishi.
3. Majirani wameiona mipaka.
4. Kodi ya ardhi na madeni ya maji yamelipwa.
5. Stakabadhi za ujenzi zimekusanywa.
6. Bei tatu zimeandikwa.

Mwenye sita hizi mkononi ataweza kumjibu mnunuzi kila swali bila kutafuta msemaji. Asiye nazo atulie kwanza azitafute, kwa maana nyumba isiyo na karatasi safi hata dalali hodari ataishia kuiuza kwa bei ya kutupa.